Kobe Ameloa Mgongoni

Turkeypen, Kentucky
9 Novemba 1986

Mjukuu wangu Tressa,

Hujambo wewe, na hajambo kitukuu changu Misty? Mimi sijambo isipokuwa goti, na goti lenyewe siku hizi nalichukulia kama mgeni aliyehamia. Mjomba wako Hobert hajambo, anakula vizuri na kulalamika vizuri zaidi. Tumbaku imekauka ghalani, sasa tunachambua majani mpaka vidole vimekuwa vyeusi. Ng'ombe amezaa, na ndama ana mguu mmoja mweupe kama aliyekanyaga unga.

Mwandiko wangu unaujua. Shuleni sikukanyaga hata siku moja. Herufi zangu niliziokota kwenye magunia ya unga na kwenye Biblia ya mama, kwa hiyo nyingine zina sura ya gunia. Wewe soma tu.

Jambo lenyewe ni hili. Mwaka huu hukuja siku ya kupamba makaburi. Binamu zako walikuja wote, wakafagia, wakaweka maua, wakatandaza chakula palepale kilimani, halafu mdomo umejaa kuku wakaniuliza, "Tressa yuko wapi na Kobe wake?" Nikasema ana kazi. Sijui kama nilisema uongo.

Babu yako alikuachia Kobe, ile karavani yake ya kukunja, wewe, si wanawe, na Hobert amenuna mpaka leo. Basi angalau ilete Mei ijayo. Ilale uani kwangu usiku mmoja, paa lake limeinuliwa, turubai limetandazwa, taa inawaka ndani kama alipokuwapo mwenyewe. Sitaki kingine.

Duane hajambo? Bado yuko kiwandani?

Chumba chako nimekipaka chokaa. Si kwa sababu yoyote. Chokaa ilibaki.

Bibi yako,
Orlena


Ypsilanti, Michigan
30 Novemba 1986

Bibi yangu,

Shikamoo. Sisi hatujambo. Misty ameng'oka jino la mbele na sasa kila akitaja jina lako anapuliza upepo. Amefurahi sana kusikia habari za ndama, anauliza kama huo mguu ukioshwa utabadilika.

Kazi nimepata mpya, kwenye duka la mikate la mama mmoja wa Kipolandi, mjane, anaitwa Bi Wanda. Naingia mapema na kutoka nikinuka chachu, lakini mikate iliyobaki naruhusiwa kuichukua. Tafadhali tumia anwani hii ya sanduku la posta. Ile ya zamani iache.

Nina swali la Kobe. Anavuja. Kwenye dari, kona ya mbele juu ya kitanda kikubwa, pameingia doa la manjano. Lilianza likiwa kama sahani, sasa limekuwa sinia, na ubao wenyewe umetoa tumbo. Mvua ikikatika nje, ndani bado inadondoka. Babu alikuwa akifanyaje? Ningependa kulishughulikia. Si haraka sana, lakini upesi.

Misty anakusalimu kwa pengo lake.

Tressa


Turkeypen
7 Desemba 1986

Mjukuu wangu,

Tunaendelea vizuri. Baridi imeshika, kuku wamegoma kutaga, na mchungaji amehubiri mpaka chakula kikapoa majumbani. Mwambie Misty mguu wa ndama nimeuosha kwa sabuni mbele ya mashahidi na haukubadilika.

"Si haraka sana, lakini upesi." Hayo ni maneno ya mtu gani?

Nilimuuliza Hobert habari za paa. Akaniambia bila kuinua macho kwenye sahani:

"Apake lami."

"Lami ipi?"

"Mama, lami ni lami. Baba alikuwa anapaka kila mwaka."

"Na kila mwaka ilivuja?"

"Ndiyo maana alikuwa anapaka kila mwaka!"

Basi umesikia mwenyewe jinsi nilivyozaa. Lakini huku kwetu hakuna kitu ambacho hakijawahi kupakwa lami, kuanzia banda la nguruwe mpaka kanisa, na bado vimesimama. Nakutumia kopo. Ipashe moto, paka nene, rudia. Ndani ya boksi hilo nimetia maharage niliyoyatunga kwenye uzi na kuyakausha, yale unayoyapenda. Yachemshe mchana kutwa na kipande cha nguruwe wa chumvi, usiyaharakishe.

Jingine. Tulikwenda dukani na Hobert akapiga ile namba ya simu yako. Akapokea mwanamke! Nikamnyang'anya Hobert simu nikamwuliza, "Wewe mama ni nani, na unafanya nini nyumbani kwa mjukuu wangu?" Hajibu, anarudia tu maneno yale yale kwamba namba haitumiki. Nikamwambia adabu zake zina kasoro. Hobert akaninong'oneza, "Mama, hiyo ni mashine." Duka zima likacheka, na mimi nikanunua chumvi nisiyoihitaji ili nitoke na heshima.

Kwa nini namba haitumiki?

Duane hukumtaja.

Bibi yako,
Orlena


Ypsilanti
4 Januari 1987

Bibi yangu,

Shikamoo, na heri ya mwaka mpya. Krismasi yetu ilikuwa nzuri, Bi Wanda alitupa mkate wenye mbegu nyeusi ndani, uliozungushwa kama mkeka. Boksi lako lilifika. Misty anayavaa yale maharage shingoni kama mkufu na hataki kuvuliwa. Sijayapika bado. Jiko la hapa lina mafiga mawili tu na gesi yake ni ya mtungi mdogo, haiwezi kuwaka mchana kutwa.

Bibi, tafadhali usinitajie lami tena. Nimepanda ngazi nikaanza kuibandua kwa kisu cha mikate. Chini ya lami kuna lami. Chini ya hiyo kuna nyingine. Kila mwaka wa babu uko pale, umelala juu ya mwenzake. Chini kabisa nikakuta bati, na mstari wa misumari umepata kutu, na ufa mwembamba kama uzi. Humo ndimo maji yalimoingilia, na yakishaingia yanakuta kila pembe imezibwa, hayana pa kutokea. Yamekaa humo humo yanakula mbao. Nilichoma ubao kwa bisibisi ikaingia mpaka mpini, kama kwenye mkate uliolowekwa maziwa. Nikatoboa tundu dogo darini, kwa chini, na maji yakajaza beseni. Misty akapiga makofi, akadhani ni mchezo.

Nataka umuulize Mjomba Hobert jambo moja tu. Paa likiwa juu, limesimama kwenye vile vyuma vyake vinne, linaweza kubeba theluji kiasi gani? Nimelitia mhimili wa mbao katikati. Naomba jibu mapema.

Sisi sote hatujambo.

Tressa


Turkeypen
11 Januari 1987

Tressa,

Leo salamu utazikuta mwishoni.

Paa likiwa juu. Umeandika wewe, si mimi. Kobe aliyepumzika huwa ameingiza kichwa: paa limeshushwa, turubai limekunjwa, vitanda vimesukumwa ndani, na theluji ikija inamkuta ni sanduku tu. Hakuna mtu anayemwinua Kobe mwezi wa Januari, tena Michigan, isipokuwa mtu anayelala ndani yake. Na jiko la mafiga mawili nalijua. Nimelikaangia mayai mimi mwenyewe, na kiberiti chake kilininyima nyusi kiangazi kizima.

Duane hayupo, nyumba haipo, simu haipo. Mimi ni mtu wa magunia ya unga lakini si gunia. Habari za Duane usinijibu. Nijibu za mtoto.

Nimemsomea Hobert barua yako. Nilidhani atasema "nilijua". Akavua kofia.

"Mama, mbao zile zimekwisha," akasema. "Theluji ikiloa itakuwa nzito kama ng'ombe, na halitashuka kidogo kidogo. Litashuka lote."

"Na huo mhimili?"

"Utalitoboa tu."

"Litatoa ishara?"

"Halitapiga hodi, Mama."

Sasa sikiliza. Umesimama kwenye ua wa mtu. Nadhani ni wa huyo mama wa mikate, maana hujataja binadamu mwingine tangu Novemba. Nenda ukagonge mlango wake leo hii barua ikiwa bado mkononi. Usimpambie maneno. Mwambie: paa langu limeoza na nina mtoto. Basi. Mtu aliyekukaribisha uani ameshakukaribisha nusu. Nusu iliyobaki unaizuia wewe kwa kiburi, na kiburi hicho najua ulikokitoa, kwa sababu nakiona kila asubuhi nikichana nywele.

Usilale tena chini ya lile paa. Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie ukiwa mahali pakavu.

Hizi ndizo salamu: nakupenda mpaka nataka kukuchapa. Mbusu mtoto.

Bibi yako


Turkeypen
31 Januari 1987

Tressa,

Sina barua yako. Redioni wanasema theluji imefunga barabara huko kwenu.

Kila siku nashuka mpaka kwenye sanduku la barua kabla gari halijafika. Leo nimemsimamisha Geneva wa posta.

"Hakuna, Orlena."

"Tazama tena."

"Nimetazama."

"Tazama chini ya kiti."

Akainama, masikini, akapekua chini ya kiti. Akatoa glavu aliyoipoteza tangu majira ya mavuno. Barua hamna.

Hobert amefunga minyororo kwenye magurudumu. Jumatatu isipokuja barua anaondoka kuja huko. Tulicho nacho ni namba ya sanduku la posta, na mtu halali kwenye sanduku la posta, lakini anasema ataingia kila duka la mikate linalonuka Kipolandi mpaka akupate.

Kama uko mzima, andika neno moja. Hata kama ni tusi.

Bibi


Ypsilanti
30 Januari 1987

Bibi yangu,

Shikamoo. Tu wazima. Naanza na hilo ili usisome barua yote umeshika kifua. Mimi mzima, Misty mzima, na pengo limeanza kuota.

Barua yako ilikaa posta muda mrefu kwa sababu sikwenda kuichukua. Bahasha yangu ilipodondoka tu ndani ya sanduku nilijua nilichoandika, na nikajua utakisoma. Niliogopa jibu. Juzi nilipita pale nikitoka kazini, nikaifungua njiani, theluji ikianza kuanguka juu ya karatasi. Nilipofika kwenye maneno ya kuchana nywele, nilikuwa nimeshafika ua wa Bi Wanda. Ulikisia sawa, Kobe amesimama nyuma ya gereji yake tangu Oktoba. Gari lake la mikate ndilo lililotuvuta. Nilikuwa nimemwambia mabomba ya nyumba yetu yamepasuka na fundi anachelewa.

Nikamshika Misty mkono nikagonga. Nikasema kama ulivyoniambia, sikuongeza neno.

"Paa langu limeoza na nina mtoto."

Bi Wanda akanitazama, mikono imejaa unga.

"Ndiyo," akasema. "Panda juu, mlango wa kushoto. Kitanda kimetandikwa."

"Umekitandika saa ngapi?"

"Oktoba."

"Oktoba?"

"Kila Jumamosi nabadilisha shuka za kitanda ambacho hakilaliwi. Mpaka shuka zenyewe zinanishangaa."

"Sasa mbona hukuniambia, Bi Wanda?"

"Wewe ulisema mabomba. Mimi ni nani nigombane na mabomba? Vua viatu, unanichafulia ngazi."

Asubuhi tukachungulia dirishani. Vyuma vinne vimesimama hewani, havijabeba kitu. Paa limeshuka lote katikati, Bibi, juu ya kitanda chetu, na ule mhimili wangu umetokeza juu kama mfupa. Hatukusikia hata mlio. Misty akaweka pua kwenye kioo akasema, "Tazama, Mama. Kobe ameingiza kichwa." Nikacheka, kisha nikalia, kisha Bi Wanda akaniletea supu na kunikemea kwa Kipolandi.

Duane aliondoka Septemba. Sikukuandikia kwa sababu kila nilipoanza, sentensi iliyofuata ilikuwa ni kukuomba nije, na sikujua kama unanitaka. Hujawahi hata mara moja kuniambia nirudi.

Mwambie Mjomba Hobert nasikitika. Lilikuwa paa la baba yake.

Tressa


Turkeypen
2 Februari 1987

Mjukuu wangu, mtoto wa mtoto wangu,

Hobert alikuwa ameshawasha gari. Geneva akapiga honi tangu kule chini kwenye daraja, akaja anapunga bahasha dirishani kama bendera. Nimeisoma nimesimama barabarani. Nilipofika kwenye vile vyuma vinne nikakaa chini, palepale kwenye theluji, na sketi ya Jumapili.

"Orlena! Nani amekufa?"

"Hakuna!" nikamwambia. "Hakuna aliyekufa, ndiyo maana nimekaa!"

Akazima injini akaja kukaa na mimi. Barua za watu wengine leo zimechelewa.

Sasa hilo la kwamba sijawahi kukuambia urudi. Siku tuliyomzika babu yako ulinishika mikono yote miwili jikoni ukasema, "Bibi, usiniombe nirudi. Ukiniomba nitarudi, na mimi nataka kujaribu kwanza." Umesahau? Mimi sikusahau. Maisha yangu yote sijamtii mtu, si baba, si mume, si mchungaji. Nikachagua kukutii wewe, mara moja, na tazama tulipofika. Niliandika habari za kuku. Niliandika habari za chokaa. Chokaa gani inayobaki, Tressa? Nilikwenda kuinunua.

Nimechoka kutii. Rudi nyumbani.

Hobert anaondoka na barua hii mfukoni, kwa hiyo mwenye kukupa ndiye huyo huyo, na ukitaka kubishana anza naye. Nilimwambia Kobe aachwe huko, amekwisha. Akanijibu kwa sauti ambayo sijamsikia nayo tangu babu yako afe: "Gari chini ni zima, magurudumu mazima. Kilichooza ni juu tu. Siliachi gari la Baba Michigan." Kwa hiyo mpakieni huyo Kobe na vipande vyake.

Bi Wanda mpe chupa mbili za asali ya mtama anazoleta Hobert, na lile blanketi la viraka. Mwambie asali ni ya mabua, si ya nyuki, na blanketi limeshonwa na mikono yangu mwenyewe. Mwambie Mei aje, aone ni watu wa wapi aliokuwa akiwatandikia.

Misty mwambie ndama anamsubiri na miguu yake yote minne.

Bibi yako,
Orlena


Ndani ya Kobe, uani kwako
25 Mei 1987

Bibi,

Shikamoo. Ningeweza kukuita kwa dirishani, lakini Misty amelala na Bi Wanda amelala kitanda cha pili, anakoroma kama mashine ya kukanda unga. Tena nimezoea kukuandikia.

Habari za huku ni njema. Chumba cha chokaa nimekiacha kwa usiku huu mmoja tu, ule ulioomba Kobe alale uani. Mbao za Mjomba Hobert, alizozing'oa kwenye ghala la zamani la tumbaku, bado zinanuka tumbaku, na nimemwota babu usiku kucha. Bati jipya limetulia. Jana binamu wote walipita wakagonga paa kwa vidole kama wanachagua tikiti, na Hobert akasimama pembeni anajifanya hajali. Nilifikiria siku ile alipokuja na kopo la lami, "kidogo tu, Mama, kwenye kona," nawe ukamkimbiza nalo mpaka zizini, goti na yote.

Na nimemfikiria Bi Wanda pale kilimani. Nyote mlikuwa mnaweka maua. Yeye akaweka mkate wake wa mbegu nyeusi juu ya kaburi la babu, akainama akamwambia, "Bwana, karavani nzuri. Lami nyingi mno." Sijawahi kukuona ukicheka vile makaburini.

Ninachotaka kukuambia ni hiki. Alfajiri hii mvua imeshuka, ile kubwa. Kabla sijaamka vizuri nilikuwa nimeshanyoosha mkono sakafuni kutafuta beseni. Hakuna beseni. Nikapapasa dari yote juu ya kitanda, kona mpaka kona. Kavu. Nikajilaza, nikaisikia mvua. Nikaisikia tu, Bibi, sikuwa na kazi nyingine ya kufanya nayo.

Naiona taa ya jikoni kwako. Nakuona na wewe umesimama dirishani, umeshika pazia, unalitazama paa letu. Hatujaloa. Rudi ukalale.

Tressa


(nyuma ya karatasi hiyo hiyo)

Ni goti lililoniamsha, si paa.

Mikate ya moto imeiva, na maharage ya uzi yako jikoni tangu jana mchana. Mwamshe mtoto, mwamshe na huyo mama. Nani atakula chakula chote hiki?

O.